Jakaranda Chini ya Tezo

Mwaka 1877 Mjerumani mmoja, Johann Maria Hildebrandt, aliingia Kitui na msafara wake akitokea pwani. Nia yake ilikuwa Mlima Kenya, ambao Ludwig Krapf aliuona kwa mbali kutoka Kitui mwaka 1849, na wasomi wa London waliposikia habari ya theluji kwenye ikweta wakamcheka. Hildebrandt hakufika mlimani. Njia ilimfungia Ukambani, naye badala ya theluji akarudi na majani: matawi, maua na mbegu zilizokaushwa baina ya karatasi, pamoja na maelezo juu ya Wakamba yaliyochapishwa Berlin mwaka uliofuata. Mimea kadhaa ya Afrika Mashariki ingali inaitwa hildebrandtii katika vitabu vya wataalamu. Mwenyewe alifia Antananarivo, Madagaska, mwaka 1881.

Mkusanyaji wa mimea huuona mti kwa ua lake na jani lake. Watu aliowakuta Hildebrandt waliujua kwa kazi. Muvuti, ule wa maua mekundu yanayotoka mti ukiwa hauna jani hata moja, ulichongwa vigoda na mizinga ya nyuki, na mbegu zake nyekundu zilitungwa ushanga. Muatine, wenye matunda marefu yanayoning'inia kama soseji, ulitafutwa kwa ajili ya pombe: tunda lililokaushwa ndilo lililochachusha asali. Mbuyu ulitoa nyuzi za gome zilizosokotwa kamba na vyondo kabla mkonge haujafika, na ubuyu wa kumumunya wakati wa njaa. Ukipita leo kati ya Kibwezi na Mtito Andei, au upande wa Ikutha huko Kitui kusini, utakuta mibuyu iliyopigiliwa vigingi vya mbao kuanzia chini hadi kwenye matawi. Hiyo ni ngazi ya mrina asali. Vigingi vya chini vimekwisha kumezwa na gome kwa jinsi vilivyokaa siku nyingi.

Kulikuwa pia na miti isiyoguswa. Muumo uliosimama penye ithembo, mahali pa kutambikia, haukukatwa hata tawi. Hapo wazee walipeleka sadaka mvua ilipokawia. Hata mti huo basi ulikuwa na kazi yake, na sidhani kama kulikuwa na kazi kubwa zaidi ya hiyo. Lakini mti wa kupandwa mbele ya nyumba ili utazamwe tu haukuwapo, na kwa nini uwepo? Katika nchi ambayo mvua hukosekana mara kwa mara, maji ya kumwagilia mche yana wenyewe: watoto, mbuzi, na mche wa mtama.

Si kwamba nyika ya Kitui na Makueni haina miti ya urembo. Mwangi, kwa jina la kitaalamu Delonix elata, ni ndugu wa karibu wa mkrismasi wa Madagaska. Maua yake ni meupe, hugeuka rangi ya manjano yanapozeeka, na nyuzi zake ndefu zimejitokeza nje ya petali. Upo mwingine uitwao Platycelyphium voense, jina lililotokana na Voi, ambao hufunikwa na maua ya rangi ya samawati na zambarau mwisho wa kiangazi, kabla majani hayajachipua. Mtu aliyeuona ukichanua katikati ya mbambara zilizokauka hahitaji kuelezwa urembo ni nini. Na bado serikali ya kikoloni ilipotaka barabara zake ziwe na maua ya zambarau iliagiza mti kutoka Amerika ya Kusini. Hilo nimeliwaza mara nyingi na sijapata sababu ya maana, isipokuwa ile ya kawaida: mgeni hupanda alichokizoea.

Reli ndiyo iliyoleta wapandaji wa namna hiyo kwa wingi. Walitanguliwa na wamisheni wa Kiskoti waliofungua kituo Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawasumbua, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu. Mwaka huohuo reli iliyoanzia Mombasa ikafika Kibwezi na Makindu, na mwaka 1899 ikafika mahali palipokuja kuitwa Nairobi. Treni za wakati ule zilichoma kuni. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo reli iliifanyia miti ya nyika lilikuwa kuitia tanuruni. La pili likawa kupanda mingine. Penye stesheni, ofisi ya DC (mkuu wa wilaya), misheni au shule ya bweni palipandwa jakaranda, mkrismasi, mwarobaini na mjohoro. Huko Makindu, Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hadi leo msafiri wa Mombasa hupumzika hapo kivulini na kula bure.

Jakaranda asili yake ni Argentina na Bolivia, na jina lake la kitaalamu, Jacaranda mimosifolia, lilitolewa na David Don mwaka 1822. Mkrismasi ulitoka Madagaska, kulekule alikozikwa Hildebrandt. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi na mjohoro Asia ya Kusini-Mashariki. Ni miti iliyozunguka dunia kwa meli za wakoloni kutoka bustani moja ya mimea hadi nyingine, na jakaranda ilifika Ukambani ikiwa na sifa moja tu, kwamba inapendeza. Watoto wa shule walikabidhiwa fagio: maua ya jakaranda yakianguka, kiwanja hugeuka zulia la zambarau linaloteleza, na kazi ya kulisafisha ilikuwa adhabu ya wachelewaji katika shule nyingi. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo kazi pekee ambayo mti huo ulimpa Mkamba.

Hali ya ardhi yenyewe ilikuwa mbaya. Miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake, ilitajwa katika ripoti za serikali kama mfano wa ardhi inayokufa. Mwaka 1937 mhandisi wa hifadhi ya udongo aitwaye Barnes alipiga picha za vilima vyake: makorongo, udongo mwekundu mtupu, mti mmoja hapa na mwingine kule. Wakuu waliamua kwamba mbaya ni ng'ombe, wakaanza kuwakamata na kuwauza kwa bei ya kutupa ili wapunguzwe. Mwaka 1938 Samuel Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, kwenda Nairobi kumwona gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini mpango wa kuuza ng'ombe kwa lazima ulikufa.

Baada ya Vita vya Pili ikaja zamu ya Makueni. Sehemu kubwa ilikuwa kichaka chenye mbung'o, hakikaliki na hakifugiki, na mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilianza kukifyeka ili ihamishie humo familia kutoka vilima vilivyojaa. Kufyeka mbung'o maana yake ni kufyeka mti unaompa kivuli. Walowezi wapya walioingia walikuta ardhi iliyonyolewa, wakapewa masharti ya kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Wengi walioletwa utotoni wakati huo wamezeeka wakiamini kwamba shamba safi ni shamba lisilo na mti.

Mambo hayakwenda ripoti zilivyobashiri. Mwaka 1991 watafiti walirudi kwenye vilima vilevile na picha za Barnes mkononi, wakasimama aliposimama yeye, wakapiga upya. Watu walikuwa wameongezeka mara tano na zaidi. Matuta yalikuwa kila mahali, na miti ilikuwa mingi kuliko mwaka 1937. Kitabu chao kilichotoka mwaka 1994, cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kiliwashangaza wengi waliokuwa wamezoea kusema kwamba watu wakizidi miti huisha. Miti hiyo haikupandwa na serikali. Ilipandwa mipakani na vichwani mwa matuta na watu waliokuwa na hesabu zao: kuni, boriti, matunda, kivuli cha ng'ombe. Na katika mipaka hiyo jakaranda ilipata nafasi, kwa sababu mche wake ni rahisi, hukua haraka, na jirani akiuona anajua shamba lako linaishia wapi.

Kilichoutoa mti huo kwenye mpaka na kuuingiza sokoni kilianzia Wamunyu, mji mdogo wa Machakos ulio kwenye barabara ya kwenda Kitui. Mutisya Munge, mwenyeji wa hapo, alikuwa fundi wa vigoda na rungu kabla ya Vita vya Kwanza. Vitani alifika Tanganyika na huko akaona watu wakichonga sanamu kwa ajili ya kuuza. Wengine husema aliowaona ni Wamakonde, wengine Wazaramo. Wamunyu kwenyewe utasikia yote mawili, na kila msimulizi ana uhakika. Alirudi nyumbani, akaanza kuchonga watu na wanyama, akawafundisha wanawe na jirani zake. Wazungu wa Nairobi wakanunua. Vita vya Pili vikaleta askari wengi wenye pesa za kununulia kumbukumbu, na mwaka 1958 mwanauchumi Walter Elkan alipoandika makala juu ya biashara ya vinyago Afrika Mashariki, kitovu chake kilikuwa kijiji hiki kimoja. Vijana wa Kitui, Mbooni na Kibwezi walikuja kujifunza hapo, au walijifunza kwa waliojifunza hapo, kisha wakatawanyika hadi Gikomba, Malindi na Changamwe. Chama cha ushirika cha Akamba Handicraft cha Changamwe, Mombasa, kilianzishwa mwaka 1963.

Mbao yao haikuwa jakaranda. Walianza na muvingo, yaani mpingo, uliokuwa ukiota wenyewe katika nyika za Ukambani, na hasa muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri uliokuwa tele katika misitu ya kandokando ya Nairobi na katika Arabuko-Sokoke huko pwani. Muhugu haupasuki ovyo, unang'aa ukisuguliwa, na fundi aliyeuzoea hataki mwingine. Tatizo ni kwamba haukui kwa haraka ya mteja. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 na zaidi ili utoe shina la kuchonga, na muhugu nao ni wa polepole hivyohivyo. Kufikia miaka ya 1990 wachongaji wa Kenya walikadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000, na biashara ikaingiza takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Misitu ya karibu ilikuwa imekwisha kuchujwa mti baada ya mti. Magogo yakaanza kuja usiku, bila kibali, na bei ikapanda kwa sababu ndani yake mlikuwa na chai ya askari.

Hapo ndipo fundi akaukumbuka mti wa mpakani.

Nimeketi na wachongaji wa jakaranda, na mtu asiyejua kazi hiyo atashangaa kuona jinsi inavyoanza na mti mbichi. Gogo la jakaranda huchongwa likiwa bado na maji, siku chache tu baada ya kukatwa. Likikauka kabla, hupasuka. Fundi huketi chini, miguu ameinyoosha, gogo amelibana kwa nyayo. Kwanza ni panga: mapigo machache mazito, na tayari unaona shingo ya twiga. Kisha tezo. Tezo ya Mkamba ina mpini mfupi na bamba jembamba, na hupigwa kwa kuelekea mwilini, karibu na goti, kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuitazama bila kuvuta miguu yake mwenyewe. Vipande vyeupe hurukaruka. Jakaranda ni laini, haiigombezi tezo, kwa hiyo twiga ambaye kwa muhugu angechukua siku nzima hutoka mapema zaidi. Halafu kisu chenye ncha iliyopinda kwa ajili ya masikio na kwato.

Baada ya hapo twiga hufichwa. Hufunikwa kwa vumbi la mbao au hufungwa kwenye mfuko wa plastiki ili maji yatoke kidogo kidogo, maana kinyago kinachoanikwa juani siku ya kwanza huwa na ufa jioni. Hukaa hivyo kwa majuma. Kikitoka, kinasuguliwa kwa msasa wa namba tatu tofauti, jambo ambalo mara nyingi ni kazi ya wanawake na vijana na hulipwa kwa kila kipande. Madoa ya twiga huchomwa kwa chuma cha moto. Mwisho ni rangi ya viatu. Jakaranda ni nyeupe kama mkate, na mteja wa Ulaya ametumwa na kichwa chake kutafuta mti mweusi wa Afrika. Basi rangi nyeusi hupakwa, ikafutwa, ikapakwa tena, hadi mbao ya Argentina ikafanana na mpingo wa Kitui. Wapo wanaouita huo udanganyifu. Mimi naona aliyedanganyika ni yule aliyedhani kwamba uzuri wa kinyago uko kwenye weusi wake.

Mafundi wakongwe waliudharau mti huu mwanzoni, na walikuwa na sababu. Kinyago cha jakaranda kilichopelekwa Ujerumani au Marekani kikiwa hakijakauka vizuri kiliingia kwenye nyumba yenye joto la mitambo wakati wa baridi, kikapasuka kutoka kichwa hadi mkia. Vingine vilitoka na wadudu ndani, unga ukamwagika mezani kwa mnunuzi. Shehena zilirudishwa, au malipo yalikatwa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, pamoja na mpango wa People and Plants ulioendeshwa na WWF, UNESCO na bustani ya Kew ya London, walifanya kazi na vyama vya ushirika juu ya mbao mbadala, yaani jakaranda, mwarobaini, mwembe na mingine ya shambani, na juu ya namna ya kuzikausha. Katikati ya miaka ya 2000 vinyago vya mwarobaini wa pwani vilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Mwarobaini uliopandwa uani kwa ajili ya kivuli na dawa ya homa ukawa una hati ambayo mpingo wa porini wa Ukambani haukuwa nayo.

Kwa mkulima wa Kitui au Makueni mambo yalikuwa rahisi zaidi kuliko maelezo ya vyeti. Alikuja broka na msumeno wa petroli, akatembea mpakani akiipapasa miti kwa kiganja, akakataa uliopinda na wenye fundo, akanunua ukiwa umesimama. Bei ilijadiliwa papo hapo, na mara nyingi mkulima aliumia, kwa sababu broka anajua gogo moja linatoa twiga wangapi na mkulima hajui. Hata hivyo ilikuwa pesa kutoka kwenye mti ambao mzee wake aliupanda kwa sababu tu aliuona kwa DC ukapendeza. Na jakaranda ikikatwa huchipua tena kisikini.

Wakati jakaranda ikipata kazi, mti mwingine wa Ukambani uliokuwa na kazi tangu zamani ulikuwa unaelekea kwisha. Huo ni mukau.

Kitaalamu unaitwa Melia volkensii, kwa heshima ya Georg Volkens, Mjerumani aliyekaa kituo cha utafiti Kilimanjaro kuanzia 1892 hadi 1894. Katika bustani za dunia ndugu yake, Melia azedarach wa Asia, hupandwa kwa ajili ya maua yake ya zambarau hafifu. Mukau hakuna aliyeupeleka bustanini. Unaota wenyewe nyika za Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, mahali penye mvua ya milimita 300 hadi 800 kwa mwaka, na ukiutazama mwezi wa kiangazi hauna mvuto: shina la kijivu, matawi mapana, majani hakuna. Kisha, mvua ikiwa bado haijaonekana hata kwa wingu, unachipua. Wakulima wa Kitui huanza kulima wakiona mukau umetoa jani, na maua yake meupe yenye harufu nzuri hujaa nyuki wakati ambapo nyika nzima haina kitu cha kuwalisha. Mimi kwa macho yangu ningeuweka mbele ya jakaranda, lakini jambo hilo halina hakimu.

Kazi za mukau ni nyingi hadi unashangaa ulivyosalia. Matawi hukatwa kiangazi yakalishwa mbuzi na ng'ombe majani mengine yakiwa yamekwisha. Majani hayohayo hutumika kufukuza viroboto kwenye vitoto vya mbuzi. Gogo lililotobolewa ni mzinga wa nyuki wa kudumu, wenye alama ya ukoo iliyochomwa ubavuni ili asiye mwenyewe asidiriki kuugusa. Na mbao yake ndiyo hasa: nyekundu ya kahawia, rahisi kupasua na kuranda, na mchwa hawaiwezi. Katika nchi ambayo mchwa hula fremu ya dirisha kabla rangi haijakauka, mbao ya mukau ni urithi. Mafundi huilinganisha na mkangazi, na hawakosei sana, kwa kuwa ni miti ya ukoo mmoja.

Ndiyo maana mikau ilikatwa. Nyumba za matofali zilipoongezeka baada ya uhuru, kila mlango na kila dirisha lilidai mukau, na wapasuaji waliingia porini na misumeno ya mikono, baadaye ya petroli. Mukau wa mashambani ulisalia kwa sababu mwenye shamba aliuacha ukue katikati ya mahindi na kunde, akiupunguza matawi. Lakini aliuacha, hakuupanda. Hakuupanda kwa kuwa hakuweza.

Tunda la mukau ni la kijani, ukubwa wa zeituni kubwa, na huchukua karibu mwaka mzima kukomaa. Ndani yake mna kokwa ngumu kama jiwe, na ndani ya kokwa mna mbegu chache nyembamba. Ukiizika kokwa nzima ardhini, unaweza kungoja miaka. Mbuzi ndiye aliyejua njia. Hula tunda jioni, usiku akicheua huitema kokwa safi, na asubuhi zizi limejaa kokwa. Samadi, joto na kwato hufanya kazi iliyobaki, na mvua ikinyesha miche huchomoza mahali zizi la zamani lilipokuwa. Wakulima waliing'oa miche hiyo wakaihamishia shambani. Ndiyo sababu katika boma nyingi za Kitui ukikuta mikau mitano au sita imesimama karibu karibu, uliza zizi la babu lilikuwa wapi.

Katikati ya miaka ya 1980 Japani, kupitia shirika lake la JICA, ilianza na serikali ya Kenya mradi wa misitu ya jamii wenye kituo Kitui, na KEFRI iliyoundwa mwaka 1986 ikawa mwenyeji wake. Huko Tiva, nje kidogo ya mji wa Kitui, walipanda msitu wa majaribio. Mwanzoni mkazo mkubwa ulikuwa kwenye miti ya kigeni iliyosifiwa kwa kukua haraka, mjohoro ukiwa mmojawapo. Maua yake ya manjano yangali yanapamba viwanja vya shule za wilaya nzima, na kuni zake zimewapikia watoto wa shule hizo uji kwa miaka mingi. Mukau uliuliziwa na wakulima. Kila mkutano, mtu angesimama na kuuliza miche ya mukau inapatikana wapi, na jibu halikuwapo.

Jibu lilipatikana polepole, na ni jibu la kisu. Kokwa huwekwa juu ya kigogo, kisu kikawekwa kwenye mshono wake, ikapigwa nyundo kwa nguvu ya kupasua lakini si ya kusaga. Mbegu hutolewa nzima. Ncha yake hukatwa kidogo sana. Hulowekwa maji usiku kucha, kisha ganda lake jembamba huchanwa kwa wembe kwa urefu bila kugusa moyo wa mbegu, na hapo huatikwa kwenye mchanga uliosafishwa ndani ya hema la plastiki lenye joto. Ukizidisha maji, ukungu unaimaliza. Wanawake wa vikundi vya vitalu walioijua kazi hiyo wana mikono ya daktari wa upasuaji. Mbegu moja moja, mamia kwa siku, wakizungumza mambo ya kanisani na ya wakwe zao bila kuinua macho.

Mradi wa 2012 hadi 2017 wa KEFRI na JICA ulikwenda hatua mbele. Watafiti walizunguka nyika za Kenya wakichagua mikau bora, yenye shina refu lililonyooka na iliyovumilia ukame, ipatayo mia moja, wakachukua vikonyo vyake na kuviunganisha kwenye miche. Mashamba ya mbegu yakaanzishwa mahali pawili, Tiva upande wa Kitui na Kibwezi upande wa Makueni. Mbegu zinazotoka humo hukua kwa kasi na kunyooka kuliko za porini, na mkulima anaweza kuvuna mbao baada ya miaka kati ya 10 na 15. Safu za mikau sasa zinaonekana kutoka barabara ya Kibwezi hadi Kitui, zimepandwa kwa kamba na kupogolewa, mti ambao miaka 40 nyuma ungesema haupandiki.

Mti kuwa na thamani kuna hatari zake pia. Januari 2018 kaunti ya Kitui, gavana akiwa Charity Ngilu, ilipiga marufuku makaa na mchanga kusafirishwa nje ya kaunti, na lori la makaa likachomwa moto Kanyonyoo na vijana wenye hasira. Mwezi uliofuata serikali ya taifa ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Marufuku hiyo ilidumu hadi Julai 2023. Katika miaka hiyo mwenye mti wa shambani alilazimika kueleza kwa askari wa kizuizini kwamba gogo lililo juu ya lori ni jakaranda ya mpaka wake, si muhugu wa msitu, na maelezo yalikuwa na gharama. Wachongaji walilalamika kwamba sheria iliyokusudiwa kuokoa msitu ilimkamata mtu aliyeuacha msitu na kurudi shambani. Nafikiri walisema kweli. Cheti cha chifu kinachoonyesha mti umetoka shamba la nani ni karatasi moja, lakini kuipata kunaweza kula siku mbili, na fundi mwenye gogo bichi hana siku mbili, gogo linapasuka.

Lengo la taifa sasa ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na kaunti za Kitui na Makueni zina sehemu yao. Vitalu vya barabarani kutoka Emali hadi Kitui mjini vimejaa miche kwenye vifuko: miembe iliyopachikwa, milimau, mikrismasi ya wenye kujenga nyumba mpya wanaotaka geti lipendeze, jakaranda, na mukau. Mche wa mukau wa mbegu bora ndio ghali kuliko karibu yote iliyo hapo, na muuzaji atakuambia sababu bila kuulizwa, akikuonyesha kokwa, kisu na wembe. Mwenye kuumudu hununua 50 au 100 kwa mkupuo akaipanda mistari. Asiyeumudu bado anao mbuzi, na mwezi wa Septemba utamkuta zizini na karai, anaokota kokwa.